Semina ya Uwezo, Ghorofa ya Chini

Meya wa Montelauro alitaka kufungua shule ya chekechea Jumatatu iliyokuwa inakuja, na ili ifunguliwe ilihitajika sahihi ya mhandisi aliyesimamia paa jipya. Mhandisi huyo alikuwa Incoronata Telesca. Paa lilikuwa limekwisha na lilikuwa zima. Mwenye kasoro alikuwa Incoronata mwenyewe, maana alikuwa amepungukiwa pointi.

Kila mwaka ukiisha, chama cha wahandisi humkata kila mwanachama pointi, naye huzirudisha kwa kukaa kwenye mafunzo. Akishuka chini ya thelathini, haruhusiwi kutia sahihi hata ya banda la kuku. Incoronata alikuwa amemaliza mwaka mzima juu ya paa lile, kwenye mvua na theluji, akihakikisha mkanda wa zege unashika vizuri kuta za zamani za mawe. Hakupata nafasi ya kukaa kwenye kiti afundishwe namna ya kusimamia paa. Akabaki na ishirini na saba. Semina ya Ijumaa ile, katika Hoteli Il Cerro, ilikuwa na pointi tatu kamili, na baada yake hakukuwa na nyingine hadi mwishoni mwa mwezi uliofuata.

Meya alimpigia simu akiwa bado njiani, nyuma ya trekta lililobeba majani makavu.

"Mhandisi wangu, umefika?"

"Bado, Mheshimiwa. Kuna trekta."

"Lipite!"

"Kuna kona."

"Nisikilize. Wale watoto wanasomea kwenye makontena tangu tetemeko. Akikohoa mmoja wanakohoa wote. Mama zao wakiniona sokoni wananigeuzia mgongo, hata dada yangu. Nimeshawaambia Jumatatu. Usiniangushe."

"Sitakuangusha, Mheshimiwa."

"Ukifika kaa mbele, wakuone. Wewe unajificha mno."

Meya Vitantonio Grieco alimjua tangu akiwa mtoto. Alijua kwamba Incoronata angeweza kubishana na mkandarasi kwa michoro siku nzima, lakini kumuuliza mhudumu choo kiko wapi kulimshinda.

Alifika amechelewa. Kwenye ukumbi wa mapokezi kulikuwa na ubao wa matangazo, na mtu alikuwa ameusogezea chungu kikubwa cha maua hadi nusu yake haikuonekana. Sehemu iliyoonekana ilisema: UWEZO WA KITAALUMA, MASHARTI MAPYA, UKUMBI WA BULUU. Chini yake mshale ulielekea kushoto. Kushoto kulikuwa na foleni ya wanaume waliovaa makoti, kila mmoja ameshika kadi yake ya afya, ile ile ya kuonyesha duka la dawa, kwa sababu ndiyo tunayopitisha kwenye mashine ya mahudhurio. Semina yake iliitwa Uwezo wa Kitaaluma. Incoronata akasimama nyuma ya foleni.

Mbele yake alikuwepo mzee mnene mwenye sharubu nyeupe. Aligeuka akamtazama.

"Pitisha polepole, binti mpimaji. Hii mashine ni kama mama mkwe wangu. Usipoisalimia mara mbili haikujibu."

Incoronata akatabasamu akiangalia viatu vyake. Alipitisha kadi. Mashine ikalia, na kwenye kioo chake kidogo likatokea jina: TELESCA INCORONATA, KARIBU. Basi moyo ukatulia. Kama mashine imemjua, yuko mahali pake.

Mzee mwenye sharubu akamvutia kiti kando yake, safu ya tatu. Alijitambulisha kuwa ni Canio Summa, wa Acerenza, miaka mingi kazini, magoti yote mawili mabovu. Alikuwa na mfuko wa karatasi wenye vitarali, vile vibiskuti vya duara vya shamari, akaushikilia katikati yao ili naye achukue.

Mbele alisimama wakili, mtu mrefu aliyeitwa Pafundi, akagonga kipaza sauti kwa kidole.

"Mabibi na mabwana," alisema, "uwezo wenu unashambuliwa kila siku."

Watu wakaguna kukubali. Incoronata akafungua kalamu. Alitarajia kusikia mhandisi anatakiwa kujua nini, anapimwaje, na anasoma nini ili asibaki nyuma. Hakutarajia mashambulizi.

"Uwezo wenu unaanzia wapi na unaishia wapi? Sheria inasema majengo madogo ya kawaida. Haya, nani ataniambia jengo la kawaida ni lipi?"

"Ghorofa mbili!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Ghorofa mbili na dari!"

"Dari la kuishi watu au la kuanikia soseji?"

"Nyumba ya shemeji yangu ina ghorofa moja tu, lakini si ya kawaida. Ameiwekea mnara."

"Shemeji yako mwenyewe si wa kawaida!"

Ukumbi ukacheka. Incoronata aliandika: jengo la kawaida, halafu akaweka alama ya kuuliza. Alipekua kichwani masomo yote ya chuo kikuu. Alifundishwa jengo lenye umbo sawia na jengo lisilo na umbo sawia, jengo la mawe, la zege, la chuma. Jengo la kawaida hakuwahi kufundishwa. Labda ndiyo hayo masharti mapya, na wenzake wote walishayasoma huku yeye yuko juu ya paa.

"Na wao wanafurahi," wakili akaendelea. "Wao wanataka mbaki na mabanda na kuta za bustani. Kila kazi ikiwa na heshima kidogo, wao wanakimbilia mahakamani."

"Wao wakiona ufa wanaandika kitabu!" alisema mwanamke mmoja wa safu ya mbele.

"Wao wakija kwenye eneo la kazi lazima uwashike mkono, wasidondoke!"

Incoronata naye alicheka kidogo. Alijua wanasemwa nani. Wahandisi wakikaa pamoja, "wao" ni wasanifu wa majengo, wale wenye mitandio na miwani ya rangi. Hata profesa wake aliwasema hivyo. Kwa hiyo Canio alipomnong'oneza, "Wao hata tofali hawajui lina pande ngapi," alikubali kwa kichwa, akachukua kitarali kingine.

Lakini jambo moja lilimsumbua. Saa mbili na nusu zilipita na hakuna aliyetaja pointi, wala viwango, wala tetemeko la ardhi. Kila mara mtu aliposema uwezo, wengine walizungumzia sahihi, hati, baraza la jiji na mahakama. Alijitahidi kufuata kama mtu anayesikiliza redio ya jirani kupitia ukutani. Maneno alikuwa anayajua yote, ila yakiungana hakupata kitu.

Kahawa ilipoletwa, imechelewa, alibaki kwenye kiti. Canio alirudi na vikombe viwili.

"Kunywa, binti. Umekuwa mweupe. Wewe unafanyia wapi kazi?"

"Montelauro, mzee."

"Montelauro kwa Grieco! Yule anayeahidi kila kitu Jumatatu? Na una kazi gani mkononi sasa? Mipaka ya mashamba? Ukuta?"

"Paa la chekechea," alisema kwa sauti ndogo. "Tulilitoa lote. Tumezungusha mkanda wa zege la nondo juu ya kuta, kisha mbao, kisha vigae vya zamani."

Kikombe cha Canio kikasimama njiani kwenda mdomoni.

"Zege la nondo?"

"Ndiyo."

"Kwenye shule?"

"Ndiyo, mzee."

"Na sahihi inatoka kwa nani?"

"Kwangu. Jumatatu, nikipata pointi."

Canio aliweka kikombe chini kwa uangalifu, akatazama kushoto na kulia. Bahati mbaya, mnong'ono wake ulikuwa sawa na kelele za mtu mwingine.

"Binti! Zege la nondo? Shule ya serikali? Unatia sahihi wewe?"

Safu ya mbele ikageuka. Safu ya nyuma ikainama mbele. Yule mwanamke aliyesema habari za ufa alisimama kabisa.

"Nani anatia sahihi zege la nondo?"

"Huyu mtoto hapa. Wa Montelauro."

"Atafungwa!"

"Asifungwe, apewe zawadi! Miaka mingapi tunaogopa sisi?"

Wakili Pafundi alisikia. Aliacha kahawa yake mezani akaja na kipaza sauti mkononi, macho yanang'aa kama mtu aliyeona uyoga msituni kabla ya wenzake.

"Binti, simama tafadhali. Usiogope. Ni kweli umesimamia paa lenye zege la nondo?"

Incoronata alisimama.

"Ni kweli."

"Kazi umepewa na nani?"

"Na manispaa."

"Na manispaa!" wakili aliwageukia watu. "Mmesikia? Manispaa yenyewe! Sasa, nakuuliza mbele ya wenzako wote, na ujibu bila hofu. Una uwezo?"

Hilo alilielewa. Kati ya maswali yote ya mchana ule, hilo ndilo pekee lililokuwa wazi. Aliona kuta zile za mawe, na kila nondo ilipolazwa, na usiku aliorudia hesabu ya pembe ya kaskazini kwa sababu ukuta ulikuwa umejipinda.

"Ninao," alisema.

"Una uhakika?"

"Nimepiga hesabu zote mwenyewe. Nimezirudia."

"Sikuulizi kama unajua hesabu. Nakuuliza kama una uwezo."

Incoronata alifumba na kufumbua macho. Kama kujua hesabu si uwezo, uwezo ni kitu gani?

"Nimepanda kila siku," alijaribu tena. "Nimeona zege likimwagwa."

"Haya hayahusu kuona! Uwezo, binti! Wa kutia sahihi!"

"Ninao," alirudia.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mtu mmoja alipiga mluzi. Canio alimshika bega akisema kwamba mtoto kama huyu angezaliwa miaka thelathini nyuma, yeye Canio asingekuwa na magoti mabovu. Incoronata alisimama katikati ya makofi, akishukuru kwa kichwa, na hakuelewa hata kidogo alichoshangiliwa.

"Tutakwenda naye mahakamani!" wakili alisema. "Hii ndiyo kesi tuliyokuwa tunaisubiri. Jina lako? Na diploma yako ya upimaji ni ya mwaka gani?"

"Diploma?"

"Ya shule ya ufundi. Ya upimaji."

"Mimi sikusoma shule ya ufundi. Nilikwenda chuo kikuu. Napoli."

"Kusoma nini?"

"Uhandisi wa majengo."

Makofi yalikufa safu moja baada ya nyingine, kama mtu anazima taa za kanisa. Wakili alishusha kipaza sauti.

"Wewe ni mhandisi?"

"Ndiyo," alisema Incoronata. Kisha, kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama, akaongeza, "Kwani... sote si wahandisi?"

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, kicheko cha kuumwa mbavu, na ukumbi mzima ukafuata. Wapimaji wa wilaya nzima walikuwa mle ndani. Hao ndio wanaopima mashamba yetu, wanaochora nyumba zetu na kugombana na wahandisi tangu enzi za babu zao juu ya nani atie sahihi nini. Na "wao" waliosemwa mchana kutwa hawakuwa wasanifu wa majengo.

"Mama yangu," Canio alisema, uso mwekundu. "Nimemtukana mtu tangu saa tisa, na vitarali vyangu anakula."

"Niliitwa mpimaji pale mlangoni," Incoronata alisema, karibu kulia. "Lakini huwa naitwa hivyo kila mahali. Kwenye kazi wameshaniita katibu. Wameshaniita mke wa mhandisi. Sikudhani..."

"Wenzako wako juu," yule mwanamke wa mbele alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Ghorofa ya kwanza, Ukumbi wa Kijani. Kimbia, Mhandisi."

Alikimbia. Kwenye ngazi alikutana na wahandisi wakishuka, wakivaa makoti, wakiulizana habari za chakula cha jioni. Mlangoni pa Ukumbi wa Kijani alikaa Bi Lucrezia, karani wa chama, akizungusha waya wa mashine yake.

"Telesca! Nimekutafuta. Ulikuwa wapi?"

"Chini. Kwa wapimaji."

"Ulikwenda kufanya nini kwa wapimaji?"

"Semina. Iliandikwa Uwezo wa Kitaaluma."

"Yetu pia iliandikwa Uwezo wa Kitaaluma. Yao ni uwezo wa kisheria, sahihi zao ziishie wapi. Yetu ni uwezo wa kujua kazi. Neno ni moja, nifanye nini, nitunge lugha nyingine?" Akamtazama vizuri, akaona macho yake. "Una pointi ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Na ile chekechea ni Jumatatu." Bi Lucrezia aliangalia ukumbi. Ulikuwa mtupu, viti tu na chupa za maji. Akapunguza sauti. "Sikiliza. Hii mashine ilikwama mwanzoni. Watu kumi nimewaandika kwa mkono. Mmoja zaidi hatanifilisi."

Incoronata alitazama orodha iliyokuwa mezani.

"Ulikaa saa tatu kwenye kiti, hukukaa?"

"Nilikaa."

"Mada ilikuwa uwezo, haikuwa?"

"Ilikuwa."

"Basi."

"Hapa walifundisha nini?"

"Maadili ya kazi. Mhandisi ajue mpaka wake, asitie sahihi asichokijua, asiseme amefanya kitu ambacho hakukifanya. Mambo hayo. Sikusikia yote, nilikuwa na kahawa."

Incoronata alijishika kwenye ukingo wa meza. Alijaribu kulipanga jambo lile kama anavyopanga mizigo juu ya ukuta, huu unakaa wapi, ule unasukuma wapi. Paa analijua, lakini hana ruhusa ya kusema analijua. Akiandikwa, atapata ruhusa kwa somo ambalo hakulisikia, na somo lenyewe linakataza aandikwe. Asipoandikwa, watoto watakohoa ndani ya makontena chini ya mvua, na hapo karibu lipo paa zima lisilo na mtu chini yake. Alizungusha hivi, akazungusha vile, na kila upande ulikuwa na kitu kinachodondoka.

"Telesca, nafunga."

"Nilikuwa chini," alisema.

"Hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi. Nakuuliza unaitwa nani, niandike."

"Incoronata Telesca. Nilikuwa chini."

Bi Lucrezia alimtazama kwa muda, kalamu hewani. Kisha akaifunga.

"Wewe utapata tabu sana," alisema, si kwa hasira, akabeba mashine yake akaondoka.

Meya alipokea simu kabla haijaita mara ya pili. Incoronata alikuwa amekaa ndani ya gari, taa hazijawashwa, watu wa semina zote mbili wakipita mbele ya kioo bila yeye kujua tena nani ni nani.

"Umepata?"

"Sikupata, Mheshimiwa. Niliingia semina ya wapimaji."

Ilisikika meya akivuta kiti.

"Ya wapimaji," alisema. "Saa tatu nzima?"

"Saa tatu nzima."

"Na hukugundua?"

"Walikuwa wanasema maneno yale yale."

Ilisikika pumzi ndefu. "Sawa. Nimpigie Quintino, yule mhandisi mwenzako. Yeye ana pointi?"

"Quintino anazo zaidi ya mia. Hufanya semina za kwenye kompyuta, anabonyeza akiwa kitandani."

"Basi atie sahihi Quintino."

"Anaweza. Sheria inamruhusu. Lakini hajawahi kupanda pale. Hajui ule ukuta wa kaskazini umejipinda. Muulize atakuwa anatia sahihi kitu gani."

"Mhandisi, mimi nilikuwa na duka la mafuta ya zeituni kabla ya haya. Nieleze kama unavyomweleza mtu wa mafuta. Paa limekwisha?"

"Limekwisha."

"Lina shida yoyote?"

"Halina."

"Ungemlaza mtoto wako chini yake?"

"Leo hii."

"Anayelijua ni nani?"

"Mimi."

"Na anayeruhusiwa kusema ni Quintino, ambaye halijui."

"Ndiyo."

"Sasa wewe ni mhandisi au si mhandisi?"

Incoronata aliangalia hoteli. Alitaka kulijibu swali hilo vizuri, kama alivyojibu lile la wakili, lakini lile la wakili alilijibu akiwa amekosea ukumbi.

"Nafikiri ni mhandisi," alisema. "Lakini si Jumatatu."

Nyuma ya meya ilisikika televisheni, na mtu akigonga sahani.

"Semina nyingine ni lini?"

"Mwisho wa mwezi ujao."

"Ghorofa gani?"

"Sijui. Nitauliza."

"Utauliza wewe?"

"Nitauliza, Mheshimiwa."

"Haya," alisema meya, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeanza kuwaona akina mama sokoni. "Quintino simpigii. Ila mimi sitawaambia akina mama. Kesho unakuja kwenye makontena, unasimama mbele ya wale wanawake, unawaeleza mwenyewe hicho ulichonieleza mimi."

"Sijui kama nakielewa."

"Hata mimi," meya alisema. "Saa tatu asubuhi."